Mara 112, watoto wawili

Wadau, wengi tunamjua Louise Brown, yule "mtoto wa chupa" wa kwanza duniani, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, Julai 25, 1978. Wanawake waliomtangulia hatusimuliwi.

Kati ya 1969 na 1978, daktari Patrick Steptoe, mwanasayansi Robert Edwards na muuguzi Jean Purdy walihudumia wanawake 282. Mara 112 waliweka kiinitete kwenye mfuko wa uzazi. Zikashika mimba 5, wakazaliwa watoto 2. Na kumbuka, mayai yalitolewa kwa upasuaji.

Tatizo lilikuwa wapi? Maabara yai linarutubishwa, linagawanyika vizuri tu, likirudishwa kwa mama halishiki. Walikuwa wakiwadunga homoni ili wapate mayai mengi kwa mpigo, lakini hedhi ikawa inawahi. Wakaongeza dawa nyingine, Primolut, ili kuisaidia mimba ishike. Wapi! Edwards alikuja kuishuku dawa hiyohiyo ya msaada kuwa ndiyo iliyokuwa ikiharibu.

Mwishoni mwa 1977 wakaachana na sindano. Wakawa wanapima mkojo wa mama usiku na mchana, wakisubiri yai lake moja la mwezi. La Lesley Brown, ambaye mirija yake ilikuwa imeziba, lilitolewa Novemba. Likashika. (Purdy alifariki 1985 akiwa na miaka 39 tu. Nobeli ilikuja 2010, ikaenda kwa Edwards peke yake.)

Homoni zilirudi baadaye, zikitumiwa kwa ujuzi zaidi. Lakini ile tabia ya kuongeza kitu kila mimba inapogoma haikuisha. Mwaka 2003 watafiti wa Israel walitangaza kwamba kuukwaruza ukuta wa mfuko wa uzazi kabla ya matibabu kunaongeza nafasi ya kujifungua zaidi ya mara mbili. Walipima wanawake 134 tu ambao matibabu yao yalishashindwa. Kliniki nyingi zikaanza kuuza mkwaruzo, na mtu aliyepoteza viinitete vitatu anakataaje?

Mwaka 2019 yakatoka majibu ya utafiti mkubwa wa nchi 5, wanawake 1,364, baadhi yao wakiwa ndiyo kwanza wanaanza matibabu. Waliokwaruzwa, asilimia 26.1 walijifungua. Wasiokwaruzwa, asilimia 26.1. Jamani, hadi desimali! Miaka 16 watu wanalipia maumivu.