Kwa nini madaktari wanagenzi wa familia hukwepa kuzalisha

UTABIBU wa familia ulipotambuliwa rasmi kuwa taaluma maalumu nchini Marekani mwaka wa 1969, ilitarajiwa kwamba daktari mmoja angemhudumia mtu tangu akiwa tumboni hadi uzeeni. Kuzalisha kulikuwa sehemu ya kazi hiyo, sawa na kutibu homa au shinikizo la damu.

Matarajio hayo yamefifia. Mwaka wa 2000, asilimia 23.3 ya madaktari wa familia nchini humo walikuwa wakitoa huduma za uzazi. Kufikia mwaka wa 2010, kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 9.7. Nchini Canada pia, mambo yamefuata mkondo uo huo.

Chimbuko la hali hii hupatikana katika miaka ya mafunzo, ambayo ni mitatu Marekani na miwili Canada. Wanagenzi wengi huanza wakiwa na hamu ya kuwahudumia wajawazito, lakini baadhi yao huwa wamebadilisha nia kabla ya kuhitimu.

Sababu ya kwanza ni saa za kazi. Uchungu haujui usiku wala sikukuu, na daktari kijana mwenye watoto wadogo huona ugumu wa kuamshwa kila mara.

Pili ni hofu. Mama anaweza kuvuja damu ghafla, au bega la mtoto likakwama baada ya kichwa kutoka. Anayeyashuhudia hayo mara chache tu hukosa ujasiri wa kuyakabili peke yake.

Tatu ni gharama ya bima ya kujikinga dhidi ya kesi mahakamani, ambayo huwa juu kwa daktari anayezalisha.

Isitoshe, wanagenzi wengi hufunzwa katika hospitali kubwa za mijini, ambako wanaozalisha ni mabingwa wa uzazi. Mwanagenzi asiyemwona daktari wa familia akizalisha huamini kuwa hiyo si kazi yake.

Wanaoumia zaidi ni akina mama wa mashambani. Kufikia mwaka wa 2014, zaidi ya nusu ya kaunti za mashambani Marekani hazikuwa na hospitali ya kujifungulia. Katika sehemu kama hizo, daktari wa familia akiacha kuzalisha, mama hulazimika kusafiri mwendo mrefu akiwa na uchungu.

Hatua kadhaa zimechukuliwa. Mwaka wa 1991, madaktari wa familia katika jimbo la Wisconsin walibuni kozi ya dharura za uzazi inayojulikana kama ALSO, ambayo imeenea katika mataifa mengi. Tangu mwaka wa 2023, kanuni za mafunzo Marekani zinamtaka kila mwanagenzi ashiriki katika angalau uzazi 20 wa kawaida, na anayenuia kuifanya kazi hiyo baadaye afikishe 80. Aidha, madaktari wanaofanya kazi kwa vikundi hupokezana zamu za usiku.

Humu nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha shahada ya uzamili ya utabibu wa familia mwaka wa 2005. Hapa wanagenzi hujifunza hata kumpasua mama anayeshindwa kujifungua, kwa kuwa katika hospitali nyingi za mashambani bingwa wa uzazi hayuko karibu.

Kwa hivyo, nia ya mwanagenzi hutegemea sana mahali anapofunzia na mtu anayemfunza. Aliyezoea wadi ya uzazi mapema haiogopi baadaye.