Alama Thelathini za Mkonge

Lutindi iko juu, kwenye milima ya Usambara, na Korogwe iko chini bondeni. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa Kijerumani walifungua Lutindi makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye makao hayo yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na ndivyo Lutindi inavyojulikana mpaka leo. Ajabu ni kwamba, miaka michache baada ya huku juu kupokelewa walioachwa huru, kule chini walowezi walikuwa wakilalamika kwamba watu huru hawataki kazi yao.

Kazi yenyewe ilikuwa mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyosalia hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata.

Pamba ina msimu wake, mkonge hauna. Jani hukatwa mwaka mzima, na likishakatwa halitaki kulala: linatakiwa mapema kwenye korona, mashine ya kumenya, kabla halijakauka. Mashine ile ni ghali na hula majani kila siku. Ikikosa wakataji asubuhi moja, moto unawaka bure na mwenye shamba anapata hasara. Msambaa naye alikuwa na mahindi na migomba yake mlimani. Fedha aliihitaji, ya kodi hasa, ila si kila siku ya Mungu.

Serikali ya Wajerumani ilianza kwa nguvu. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto, kila mwanamume asiye na ajira ya kudumu alipewa kadi iliyomtaka amfanyie kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza aliswagwa kwenye kazi za serikali.

Waingereza walipokuja, kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, kiliendelea kuwa ndiyo hesabu ya mshahara mashambani. Alfajiri watu wanaitwa, nyapara anagawa kazi, na anayemaliza kipimo chake anatiwa alama. Mkataji alihesabiwa matita, kila tita majani 30. Mwenye mkono mwepesi alirudi kambini jua halijawaka sana. Aliyedorora au aliyepangiwa mkonge mfupi na mbovu alikaa mpaka alasiri kwa alama ileile moja. Asiyefikisha kipimo aliweza kukosa alama kabisa. Mshahara ulitoka alama 30 zilipotimia, na hazikulazimika kufuatana.

Hapo ndipo ujanja wa mfumo ulipo, na naona watu wengi wameupita bila kuutazama. Kwa kuwa kila mtu alichagua siku zake, meneja hakujua kesho watakuja wangapi. Dawa yake ilikuwa kuandikisha watu wengi kuliko anaowahitaji, ili hata wakilala wengi, waliobaki waitoshe korona. Akiba hiyo haikumgharimu senti, maana siku isiyo na alama haikuwa na malipo.

Marubani wa ndege wanaijua akiba ya namna hii, ila wao walipigania ilipwe. Mashirika mengi ya Marekani huweka marubani wa zamu ya kungoja: hawana safari, lakini simu ikilia lazima waende. Mkataba huwahakikishia malipo ya saa kadhaa kila mwezi, mara nyingi sabini na kitu, hata wasiporuka. Wakizidisha saa hizo, wanalipwa zaidi. 

Huku Korogwe hapakuwa na cha kuhakikishiwa. Hata hivyo, Msambaa mwenye shamba hakukichukia kipande kwa kiasi ambacho tungedhani: kilimwachia nafasi ya kupalilia kwake. Aliyeumia ni aliyetoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuwaleta manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Songea, Kigoma na hata Ruanda-Urundi. Manamba hakuwa na migomba ya kurudia jioni. Siku aliyougua ilikuwa siku iliyopotea, na safari ya nyumbani ikasogea mbele.

Miaka ya 1950 ikaleta chama cha wafanyakazi wa mkonge, Victor Mkello akiwa kiongozi wake aliyevuma, na mwaka 1958 Mazinde, kwenye reli ya kwenda Moshi, ikawa na mgomo mkubwa. Baada ya uhuru ukaja mshahara wa kima cha chini, na kipande kikauachia nafasi mshahara wa mwezi. Hesabu ya meneja ikageuka: mtu aliyeandikishwa sasa alikuwa gharama hata asipokata jani. Mashamba yakabana orodha, wakabaki wanaokuja kila siku, na idadi ya wafanyakazi ikashuka kwa kasi. Mwaka 1964, orodha zikiwa zimeshapunguzwa hivyo, Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, kiasi ambacho haijakifikia tena.