Chokaa, Saruji na Stesheni za Reli ya Tanga

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ina tarehe ambazo kila fundi anayegusa majengo ya zamani anapaswa kuzijua. Kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinalindwa. Jengo la kabla ya 1886 linalindwa. Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 nao unalindwa. Sasa piga hesabu mwenyewe: reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893. Kwa hiyo toka Tanga hadi Moshi hakuna stesheni, banda la mizigo wala nyumba ya stesheni masta inayolindwa kwa umri wake tu. Waziri ana uwezo wa kulitangaza jengo lolote kwenye Gazeti la Serikali, hilo ni kweli. Ila mpaka atangaze, mlango wa sebuleni kwa tajiri fulani wa Pangani, uliochongwa juzi juzi mwaka 1938, una mtetezi, na stesheni iliyoutangulia kwa miaka arobaini haina.

Mimi ni mwashi. Baba alikuwa mtu wa gengi, wale waliokuwa wakishindilia kokoto chini ya mataruma na kukaza boliti alfajiri kabla treni haijapita, na tulikaa kota za reli upande wa Korogwe. Yeye alishika sururu, mimi nikashika mwiko. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyaona kutokea ukutani, si kutokea ofisini.

Wajerumani wazee wetu waliwaita Wadachi, na reli waliijua kuwa ni ya Mdachi, lakini ilimshinda kwanza kabla hajaimaliza. Kampuni iliyoianza ilifika Muheza 1896, kilomita arobaini hivi kutoka baharini, mfuko ukakauka. Serikali ya Kijerumani ikaichukua 1899. Korogwe ikafikiwa 1902, Mombo 1905, na Moshi 1912, kilomita 352 kwa miaka 19. Katikati ya hapo mkonge ulishika. Mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikanusurika 62 tu, na kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yaliyoijaza treni mizigo kwa miongo mingi. Vita vilipokuja Novemba 1914, Waingereza waliposhusha askari wao kutoka India pale Tanga, kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliteremsha wake kwa treni kutoka Moshi akawawahi. Watu hukumbuka nyuki waliowauma askari siku ile. Mimi hukumbuka ratiba ya treni.

Bwana mmoja aliniambia kwenye kahawa, "Fundi, hayo majumba ya mkoloni, yaache yaanguke." Nilimuuliza anadhani nani aliyebeba yale mawe. Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kuanzia 1907 kila mwanamume alipewa kadi na kutakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne. Walioichimba njia na kuchoma chokaa walikuwa babu zetu, wengine kwa ujira mdogo, wengine kwa kulazimishwa. Ukilibomoa jengo, jina la Mdachi litabaki vitabuni tu kama lilivyo. Kitakachopotea ni kazi ya mikono ya watu ambao hawakuandikwa popote. Alikunywa kahawa yake akanyamaza, sijui kama alikubali.

Lakini nije kwenye kuta. Pwani hii nyumba za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchoma tanurini, ikazimwa kwa maji, ikalazwa shimoni, ndipo ikachanganywa na mchanga. Ukuta wa namna hii unanyonya unyevu toka ardhini kila masika na kuutoa kiangazi. Hauna jambo, ndivyo unavyoishi. Sasa ukiupiga plasta ya saruji, ni sawa na kumvalisha mtu koti la mpira juani. Maji yanapanda kama kawaida ila hayana pa kutokea, na chumvi inakusanyika nyuma ya plasta. Gonga kwa kitako cha nyundo, kuanzia usawa wa goti kupanda juu. Ukuta mzima unajibu kwa mlio mzito, na ulioachana na plasta yake unalia kitupu. Bandua kipande, utakuta chokaa ya ndani imegeuka unga, unaipukuta kwa kidole.

Nimeshawahi kupewa kazi ya kukarabati kituo kimoja kidogo, jina nisilitaje. Karatasi ya kazi ilisema saruji kuanzia sakafu hadi dirishani, na rangi ya mafuta juu yake. Nilisema, nikaonyesha, nikaombwa niendelee na kazi au nimpishe mwingine. Kazi ikakabidhiwa, picha zikapigwa. Masika yaliyofuata rangi ilivimba malengelenge, kisha plasta ikadondoka vipande vipana kama meza pamoja na mawe yake. Stesheni ile ilikuwa imesimama toka kwa Mdachi bila mtu kuigusa.

Hata hivyo saruji si adui mkubwa kuliko wote. Adui mkubwa ni kufuli. Treni za abiria za njia hii zilikoma miaka ya 1990, na vituo vikafungwa. Jengo likifungwa, bati moja linang'oka, hakuna wa kuliona. Mfereji wa bati unaziba kwa majani, maji yanamwagika ukutani badala ya kwenda chini. Kisha wanakuja wa chuma chakavu, wanaondoa taruma, bawaba, hata kile kipande cha reli kilichokuwa kikigongwa kuwa kengele. Milango ya mvule inaishia kuwa vitanda. Mahali pamoja nilikuta kidirisha cha tiketi kimebaki peke yake, ubao wake una bonde laini pale katikati, palipochimbika kwa sarafu na viwiko vya abiria. Kila kitu kingine chumbani kilikuwa kimeondoka.

Na mahali paa lilipopona, mara nyingi lilipona kwa sababu kuna mtu alihamia. Hili wakubwa hawapendi kulisikia. Mjane wa mfanyakazi wa reli, fundi cherehani, familia iliyokosa pa kwenda: waliishi kwenye kota na vyumba vya stesheni, wakapika, wakaziba bati kwa lami, wakazibua mfereji kwa sababu mvua iliwanyeshea wao. Tunawaita wavamizi na kuwapigia alama ya X nyekundu. Kwa macho ya mwashi hao ndio walinzi pekee ambao majengo haya yaliwahi kuwa nao kwa miaka yote ile, na hawakulipwa.

Mfano mzuri ninaoujua uko Sigi. Tengeni, ukishapita Muheza, palikuwa na njia ndogo iliyochepuka kwenda huko, chini ya Amani. Upana wake ulikuwa sentimita 75 wakati njia kuu ni mita moja. Ilijengwa kati ya 1904 na 1910, kilomita 23, na penye mwinuko mkali treni ilipanda kwa kwenda mbele, ikasimama, ikarudi kinyumenyume ngazi ya pili, hivyo hivyo hadi juu. Ilishusha mbao za Usambara. Reli zake ziling'olewa zamani, nyumba ya stesheni masta ikabaki. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilipoanzishwa 1997, nyumba ile ikakarabatiwa na kufanywa mapokezi ya wageni. Haikuwekewa kibao cha shaba na kamba mlangoni. Ilipewa kazi, na kila asubuhi kuna mtu anaifungua.

Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019, na Arusha Oktoba 2020, na baadhi ya vituo vimepata uhai tena. Vingine treni inavipita bila kusimama. Hivyo ndivyo vinavyonisumbua. Kuna kijiji upande wa Muheza kinachotaka banda la zamani la mizigo liwe la kukusanyia machungwa kabla malori hayajafika, maana sasa yanamwagwa juani chini ya mwembe. Waliniita nikalitazame. Msingi mzima, kuta nzima isipokuwa pembe moja, paa linahitaji bati kadhaa. Kamati ilitaka kuanza na rangi. Niliwaambia mifereji kwanza, halafu pembe ile kwa chokaa, rangi ya chokaa baadaye kama pesa itabaki, na saruji ibaki dukani.

Hayo yalikubaliwa bila ugomvi. Kilichokwama ni karatasi. Banda liko ndani ya eneo la hifadhi ya reli, na walichoahidiwa kwa mdomo ni kupangishwa mwaka mmoja mmoja. Nani atakayechanga pesa ya bati kwenye jengo analoweza kuambiwa alihame Januari? Mwenyekiti ameandika barua kuomba miaka kumi, akaambatanisha makisio yangu, na amenitaka nisikubali kazi nyingine kubwa kabla ya masika.