Mwaka wetu unaanzia kwenye upepo

Mimi niko hosteli, mitihani imekaribia, bumu limeshakatika zamani, lakini kuna jambo limenikaa kichwani tangu wiki iliyopita na nisipoliandika sitasoma vizuri.

Tulikuwa kwenye kipindi cha mbinu za kufundisha, tukapewa kazi ya kikundi: andaeni somo la majira ya mwaka kwa kidato cha kwanza. Tukafungua kitabu. Ya kwanza kabisa kwenye ukurasa ni yale majira manne ya Ulaya: ya kuchipua, ya joto, ya kupukutika majani na ya baridi, pamoja na picha ya watu wanakusanya kuni kabla theluji haijaanguka. Mwenzetu mmoja wa Makete akasema, "Baridi kwetu ipo, Juni na Julai asubuhi unakuta majani meupe kwa sakitu." Sawa, hana ubishi huyo. Wakanigeukia mimi: "Na nyie wa Pwani je? Nyie mna jua tu, mnajiandaa na nini?"

Basi leo nawajibu. Jibu lenyewe ni refu kidogo maana ni historia.

Kwetu ni Kerege, njia ya Bagamoyo, ukishapita Bunju na Mapinga, kabla hujafika Zinga. Pale mwaka hauna theluji lakini una pepo mbili. Kaskazi inavuma kuanzia kama Desemba mpaka Machi, na ndani yake mna kiangazi, lile joto la Januari na Februari linalomfanya mtu alale barazani. Kisha upepo unageuka, masika yanaingia Machi mpaka Mei, na kusi inashika. Juni mpaka Agosti ni kipupwe, ubaridi wetu wa shuka moja, ambao mtu wa Makete akiusikia anacheka. Halafu pepo zinatulia, na kuanzia Oktoba mpaka Desemba tunangojea vuli.

Kwa hiyo mzungu alijiandaa na baridi baada ya joto. Sisi tulijiandaa na maji baada ya ukavu. Tofauti ni kwamba maandalizi yetu hayamo kitabuni.

Anza na hesabu ya siku. Mwezi wa Kiislamu unafuata mwezi mwandamo, kwa hiyo Ramadhani inazunguka majira yote. Ni mzuri kwa ibada lakini haumwambii mkulima apande lini. Ndiyo maana watu wa pwani walikuwa na hesabu ya pili, ya jua, inayoanzia Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka. Jina lenyewe ni la Kiajemi, na Makunduchi kule Unguja bado wanaisherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Kuanzia siku hiyo walihesabu kwa miongo, kila mwongo siku 10. Miongo 36 inatoa siku 360, ongeza 5, mwaka umetimia. Nahodha na mkulima walitumia hesabu moja. Ukijua uko mwongo wa ngapi, unajua upepo gani unakuja na kazi gani haijafanyika.

Wale wa hesabu mtagundua kasoro mara moja. Mwaka wa jua una siku 365 na robo, na hawa hawakuongeza ile robo. Kila miaka 4 wanapoteza siku moja, kwa hiyo katika miaka 100 Nairuzi inateleza karibu siku 25! Hesabu peke yake isingewatosha. Ilibidi waangalie na upepo, bahari na miti. Mimi naona hapo ndipo ilipokuwa elimu yao: hesabu inakukumbusha, macho yanahakikisha.

Sasa twende baharini. Majahazi ya Uarabuni, Ghuba na India yalishuka kwetu na kaskazi na kurudi na kusi. Siyo jambo la jana, mabaki ya Kaole karibu na Bagamoyo yana msikiti wa karne ya 13, na mji ule uliishi kwa biashara ya bahari. Lakini kusi ina ukali wake. Katikati ya mwaka bahari inachafuka, na nahodha aliyechelewa kuondoka mwanzoni mwa kusi alilazimika kungoja mpaka itulie, kama Agosti au Septemba. Miezi hiyo siyo mchezo, ni gharama ya chakula cha mabaharia bila mapato. Kwa hiyo kabla ya upepo kugeuka chombo kilipandishwa ufukweni, kikakalafatiwa, kikapakwa mafuta, tanga likashonwa. Kazi yote hiyo ilifanyika wakati mbingu ni nyeupe na hakuna hata dalili ya mvua.

Nchi kavu ni vilevile. Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa mlango wa misafara ya bara, na misafara nayo ilikuwa na majira yake. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa wakulima kwao, walipenda kusafiri kiangazi na kuwahi nyumbani mvua za kupandia. Mfano mzuri wa mtu aliyebanwa na majira ni Henry Morton Stanley. Mwaka 1871 alikuja Bagamoyo akitaka kuondoka haraka kumtafuta Livingstone, na watu wa pale walikuwa wanamtisha na masika. Akakaa wiki nyingi anangoja wapagazi. Msafara wake wa kwanza ulitoka 18 Februari, wa kwake mwenyewe ukatoka 21 Machi. Kwa hesabu yake masika yalianza 23 Machi, siku mbili tu baadaye, na kwisha 30 Aprili. Farasi wake wawili walikufa mapema njiani, na alipofika tingatinga la Makata, upande wa Kilosa, akakuta maji yametanda kila mahali. Alikuwa na fedha za gazeti kubwa la New York, nguo, shanga na bunduki. Lakini fedha haikununua zile wiki alizopoteza.

Nisidanganye kwamba kujiandaa kunamaliza kila kitu. Tarehe 15 Aprili 1872, mwaka mmoja tu baada ya Stanley kupita, kimbunga kilipiga Zanzibar. Kilizamisha vyombo bandarini, vikiwemo vya Sultani Barghash, kikang'oa mikarafuu na minazi ya Unguja, na huku Bagamoyo kikaharibu majengo ya misheni iliyoanzishwa 1868. Pemba ilinusurika, na baada ya hapo karafuu ikahamia huko zaidi. Hakuna mwongo uliowaambia kimbunga kinakuja. Ila mtu mwenye akiba ghalani anaanza tena kwa namna tofauti na asiye na kitu.

Na akiba yenyewe ilikuwaje? Hapa sihitaji maktaba, nimekulia humo. Januari na Februari, jua likiwa kali kabisa, ndiyo kufyeka na kusafisha shamba ili mvua za kwanza zikukute tayari. Ndiyo kusuka makuti na kuezeka, maana paa linavuja Aprili lakini linazibwa Februari. Ndiyo kumenya mihogo na kuianika iwe makopa. Muhogo ni benki ya Mzaramo na Mkwere: unakaa ardhini unakungoja, na mvua ikikosa mahindi yanakufa, wenyewe upo. Bibi yangu akisikia upepo umebadilika jioni alikuwa anasema tu, "Haya, kaskazi inaaga, nani hajaezeka?" Hapo kila mtu anatazama paa lake.

Kuna methali inasema dalili ya mvua ni mawingu. Kweli, lakini mzee wa pwani akiona mawingu alikuwa ameshamaliza kazi. Yeye aliangalia upepo.

Halafu kuna mtu mmoja wa kwetu ambaye aliyajua majira ya pande zote mbili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, wa Dunda, Bagamoyo, ndiye mwandishi mkuu wa kitabu cha Desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Yeye alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akaoa huko, na alipojaribu kurudi nyumbani na mke wake Mjerumani, serikali ya kikoloni haikukubali washuke pamoja Dar. Ikabidi warudi Ujerumani, na akafia Berlin mwaka 1927. Hebu fikiria kipupwe cha Bagamoyo halafu Januari ya Berlin! Huyu angeweza kufundisha ile mada yetu bila kitabu. Mwalimu wa Pwani alikuwepo zaidi ya miaka 100 iliyopita, ila kwenye somo la majira hatumtaji.

Tukija kwenye Tanzania huru, Kerege yenyewe iliingia kwenye mipango mikubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya Azimio la Arusha la 1967, ilikuwa moja ya sehemu zilizochaguliwa kwa vijiji vya makazi vya serikali. Baadaye, mvua zilipokuwa mbaya 1973 na 1974, nchi nzima ikaambiwa kilimo cha kufa na kupona, hata watu wa mjini wakashika jembe, na serikali ikaagiza nafaka nje. Ukitazama vizuri, amri ile ilikuja baada ya mvua kukosa. Ni kuezeka wakati inanyesha.

Mwaka 1997 ikawa kinyume. Mvua za Elnino zilianza na vuli zikaunganisha mpaka 1998, barabara zikakatika na kipindupindu kikasambaa. Desemba 2011 Dar ikafurika, watu zaidi ya 40 wakafa, na waliokaa mabondeni Jangwani wakahamishiwa Mabwepande, jirani zetu kabisa. Oktoba 2022 vuli ikachelewa, Mto Ruvu ukashuka, na jiji zima likaingia kwenye mgawo wa maji. Ruvu ndiyo ile ambayo wazee wa msafara waliiita Kingani, na Stanley aliivuka akiwa na haraka zake. Aprili 2024 Waziri Mkuu akaliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko zimeshaua watu 155 tangu mwaka uanze, na Mei ikaja Hidaya, kimbunga, kule upande wa Mafia.

Wakati wa ule mgawo wa 2022 nilikuwa nyumbani. Mama alikuwa anaamka saa tisa usiku kungoja bomba, na dumu la maji lilikuwa linauzwa kwa bei ya kutisha. Jirani mmoja, mzee tu wa kawaida, alikuwa na mfereji wa bati pembeni ya paa na tangi la saruji alilojenga zamani. Lilikuwa limejaa tangu masika. Hakumuuzia mtu, alitupa ndoo mbili mbili kila nyumba. Wengine walimwita mjanja. Mimi naona alikuwa anafanya walichofanya wa Kaole, basi.

Hoja yangu ni hii, wadau. Zamani maandalizi yalikuwa ya mtaa mzima kwa sababu hesabu ilikuwa ya mtaa mzima, kila mtu anajua tuko wapi ndani ya mwaka. Leo tuna Mamlaka ya Hali ya Hewa, inatoa utabiri wa vuli na wa masika kabla hayajaanza, na ina vyombo ambavyo nahodha wa zamani hakuviota. Taarifa tunayo kuliko wao. Kilichopungua ni ile Februari ya kuezeka, yaani tabia ya kufanya kazi ya mvua wakati wa jua. Na majira yanapoyumba kama sasa, tabia hiyo ndiyo tunaihitaji zaidi, maana anayejiandaa na yote mawili, ukavu na mafuriko, hapotezi.

Kwa hiyo somo letu la kidato cha kwanza tulilipanga hivi: majira ya Ulaya yabaki, mtihani unayataka. Lakini kabla yake kila mwanafunzi anaandika kwenye daftari, mwezi mzima, upepo unatoka wapi jioni na nyumbani kwao wanafanya kazi gani. Wa Makete ataandika sakitu. Wa Kerege ataandika kaskazi. Halafu wabadilishane madaftari. Mkufunzi kasema tujaribu tukienda mazoezi ya kufundisha.

Nanyi niambieni, kwenu wazee walitambua vipi kwamba mvua imekaribia? Ndege, miti, nyota, upepo? Nikusanye kabla sijaenda kazini.

Ngoja nirudi kwenye msuli. Tuonane baada ya mitihani, inshallah.