Mgeni Kwao: Kesi ya Wamaasai ya 1913

Mto Kiserian, usio mbali na Nkoroi nchini Kenya, umetajwa kwa jina katika mkataba ambao kamishna wa Uingereza, Sir Donald Stewart, aliufunga na wazee wa Kimaasai Agosti 1904. Wamaasai walibakishiwa maeneo mawili, Laikipia kaskazini na jingine kusini, na kiongozi wao Olonana akaongezewa ardhi iliyo kati ya mto Mbagathi na mto huo. Huko Kinangop zikatengwa hata maili tano za mraba kwa ajili ya jando. Wamaasai nao waliridhia kuliacha Bonde la Ufa lililopakana na reli, kwa ahadi kwamba maeneo waliyobakishiwa yangekuwa yao maadamu kabila lao lipo. Miaka saba haikupita salama. Aprili 1911 ukaandikwa mkataba mwingine, na wale wa Laikipia wakahamishiwa kusini pamoja na mifugo yao, walowezi wapate malisho.

Ole Njogo na Wamaasai wenzake wakaishtaki serikali. Kesi ilitupwa Mei 1913, na rufaa ikagonga mwamba Desemba. Kilichowashinda hakikuwa ushahidi, maana haukufikia kupimwa. Majaji walishika hoja moja: nchi hii ni himaya, si milki ya mfalme wa Uingereza, Wamaasai si raia wake, basi mkataba wao na serikali ni kitendo cha dola kwa wageni, na mahakama haina mkono humo. Mzaliwa wa Laikipia alikuwa mgeni, na aliyeteremka melini Mombasa juzi akawa ndiye mwenye mahakama.

Ukoo wa hoja hiyo ni wa pwani na wa Uchina. Kwa mkataba wa 1839, Sultani Seyyid Said alikubali Waingereza walioko Zanzibar wahukumiwe na konseli wao. Wamarekani walikuwa wamekwisha kupata upendeleo wa namna hiyo mwaka 1833. Kuanzia 1843 Mwingereza aliyevunja sheria Shanghai hakuguswa na hakimu wa Kichina. Sheria ya Bunge la Uingereza ya 1890, iliyokusanya mamlaka ya aina hiyo katika nchi za watu, ndiyo iliyobeba mahakama ya Waingereza kule Shanghai na mahakama za himaya huku. Kwa hiyo naiona kesi ya 1913 kuwa upendeleo uleule uliogeuzwa: kule ulimkinga mfanyabiashara na sheria ya wenyeji, huku ukaikinga serikali na mahakama yake yenyewe.

Atatokea wa kusema Wamaasai hawawezi kulinganishwa na dola la Qing la Uchina, lenye vitabu vya sheria na mahakimu wa kulipwa. Tofauti ipo, ila majaji wenyewe ndio waliosema Wamaasai walibakiwa na mamlaka ya kutosha kufunga mkataba wa kidola. Mamlaka hayo yalitosha kuitoa Laikipia, hayakutosha kuidai. Mwingine atasema majaji walifuata sheria tu. Walifuata, nami siwatuhumu kwa hila. Sheria yenyewe ndiyo iliyojengwa ikiwa na mlango wa upande mmoja.

Uchina ilirudishiwa mamlaka yake na Waingereza mwaka 1943. Huku himaya ilifanywa koloni mwaka 1920, ugeni ukaisha kwa amri ya mfalme. Baadaye, katika kesi ya shamba la Wakikuyu, Jaji Barth aliamua kwamba wenyeji ni wapangaji wa serikali, wakaao kwa ridhaa yake.