Mapromota wa pool: tuwapigie makofi au tuwadai?

Wadau, leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee pool. Najua wengine mtaguna, mtasema huo ni mchezo wa wasio na kazi. Sawa, guneni, halafu mrudi tuendelee.

Mwaka jana mhariri wangu alinituma Sinza kuandika habari za mashindano ya pool kwenye baa moja. Mwandaaji (jina lake nalihifadhi) alikuwa na maneno matamu kuliko asali. Bingwa akabebwa juu juu, akakabidhiwa mfano wa hundi, ile kubwa ya kupigia picha, sisi waandishi tukapiga picha, tukanywa soda zetu, tukaondoka. Miezi mitatu baadaye simu yangu ikaita. "Kaka mwandishi, ile hela yangu vipi?" Ananiuliza mimi! Kwa sababu kwenye gazeti niliandika mimi kwamba amezawadiwa.

Toka siku ile nikawa najiuliza, hivi hawa watu wanaoleta meza, wanaotangaza mashindano na kuahidi mamilioni, ni akina nani hasa katika mchezo huu? Wachezaji tunawajua. Mtaje Efren Reyes wa Ufilipino kwenye kijiwe chochote cha pool, watu watanyoosha vidole juu. Lakini promota? Nikaanza kusoma, na niliyoyakuta yamenifanya niwaheshimu zaidi, na niwaogope zaidi.

Tuanze na jina lenyewe. Neno "pool" kwa Kiingereza lilikuwa na maana ya dau la pamoja, fedha zinazochangwa mezani na kuchukuliwa na mshindi. Huko Marekani karne ya 19 kulikuwa na vyumba vya kubetia mbio za farasi, na wenye vyumba hivyo waliweka meza za biliadi ili wateja wasichoke kusubiri matokeo. Jina la kamari likahamia kwenye meza. Kwa hiyo mtu akikwambia pesa imeuharibu mchezo wa pool, mwambie ni pesa iliyoupa jina.

Mtu wa kwanza kumvulia kofia ni Michael Phelan, mzaliwa wa Ireland aliyekulia Marekani. Mwaka 1850 alitoa kitabu cha kufundisha biliadi, cha kwanza cha aina yake nchini humo. Aprili 12, 1859 akacheza na John Seereiter mjini Detroit kwa dau la dola 15,000, fedha ya kutisha kwa wakati ule. Walicheza usiku kucha mbele ya umati, na Phelan akashinda. Lakini ujanja wake ulikuwa nje ya meza. Alikuwa anatengeneza na kuuza meza, akiandika kuhusu mchezo, akiwashawishi watu wenye heshima zao kwamba biliadi si uhuni. Kila mechi aliyocheza ilikuwa tangazo la meza zake. Kwa lugha ya leo tungesema jamaa alikuwa bingwa, promota, mwandishi na mdhamini, vyote yeye!

Hapa ndipo habari inapotugusa sisi. Mipira ya biliadi wakati ule ilichongwa kwa pembe za ndovu, na jino moja lilitoa mipira michache tu mizuri. Na pembe laini zilizosifiwa sana kwa kazi hiyo zilitoka Afrika Mashariki. Zilibebwa mabegani na wapagazi kutoka bara, kupitia Tabora hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, na huko wafanyabiashara wa Kimarekani na wa mataifa mengine walikuwa wanazisubiri kwa hamu. Nyingine ziliishia kwenye vinanda, nyingine kwenye vitana, na nyingine ndiyo hiyo mipira ya mabwana wa New York. Nimesoma historia ya misafara ile tangu shule ya msingi, na sikuwahi kuambiwa kwamba mwisho wa safari ulikuwa meza ya pool.

Phelan na mkwewe Hugh Collender waliona pembe zinapanda bei. Miaka ya 1860 kampuni yao ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayegundua kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. Kijana mmoja fundi uchapaji, John Wesley Hyatt, akaingia kazini, na katika mahangaiko hayo tukapata selulodi, moja ya plastiki za mwanzo kabisa duniani. Ilikuwa na kasoro, inashika moto haraka. Hyatt mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mipira yake ya mwanzo ikigongana kwa nguvu wakati mwingine ililia kama fataki, na kwamba mwenye baa mmoja wa Colorado alimwandikia kuwa yeye binafsi haimsumbui, ila kila ukilia mlio huo wateja wote wanachomoa bastola! Hyatt akaishia kuwa na kampuni yake ya mipira mjini Albany. Yaani tangazo la promota wa biliadi lilisaidia kuzaa kiwanda cha plastiki.

Wakati huo John Moses Brunswick, mhamiaji kutoka Uswisi, fundi wa magari ya farasi wa Cincinnati, alikuwa ameshatengeneza meza yake ya kwanza mwaka 1845. Wapinzani walivyochoka kubanana wakaungana, na mwaka 1884 ikawepo Brunswick-Balke-Collender. Kampuni hiyo iliuza meza, ikauza na kaunta za baa za kuwekea hizo meza, na baadaye ikawazungusha mabingwa miji mbalimbali wakionyesha ufundi wao. Wafanyabiashara wa kweli.

Lakini anayenivutia mimi ni George Jansco, yeye na ndugu yake Paulie. Hawa walikuwa watu wa Johnston City, kijiji tu cha wachimba makaa kusini mwa Illinois. Mwaka 1961 waliwaita pale wacheza kamari wakali wa Marekani nzima, watu waliozoea kujificha na kutumia majina ya bandia, wakawaambia njooni mcheze hadharani, mvae vizuri, mpigwe picha. Mwaka huohuo filamu ya The Hustler ikatoka, na kila mtu akataka kuwaona hao watu. Magazeti makubwa yakaja, televisheni ikaja. Usiku, mashindano yakiisha, kamari iliendelea palepale, na ndiyo iliyowaponza. George alifariki mwaka 1969, na mwaka 1972 maofisa wa serikali kuu wakavamia na kukamata wachezaji. Ukawa mwisho wa Johnston City.

Wapo wengine. Charlie Ursitti aliwakutanisha Willie Mosconi na Minnesota Fats mbele ya kamera za ABC mwaka 1978, wazee wawili wasiopendana, na Mosconi akashinda. Barry Hearn, mhasibu wa Kiingereza, alianzisha Kombe la Mosconi mwaka 1994, na mpaka leo Ulaya na Marekani zinapambana.

Waswahili walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2005 alikuja Kevin Trudeau na ligi yake ya IPT, akiahidi kuwafanya wacheza pool matajiri. Mwaka 2006 huko Reno, Efren Reyes alishinda shindano ambalo zawadi ya kwanza ilikuwa dola 500,000. Picha zikapigwa. Halafu fedha hazikufika kama zilivyoahidiwa, wachezaji wakaambiwa wavumilie, wakawa wanalipwa kidogo kidogo, na ligi ikafa. Trudeau alikuja kufungwa miaka 10 mwaka 2014, ingawa kwa kesi nyingine kabisa, ya kitabu chake cha kupunguza unene.

Mnaona? Bingwa wa Reno na bingwa wa Sinza, hadithi moja.

Chama cha biliadi cha Marekani, BCA, kina jumba la heshima tangu mwaka 1966, na wamewawekea mlango wao watu walioutumikia mchezo bila kuwa wachezaji wakubwa. Ningependa tuwe na kitu kama hicho hapa Bongo. Mtu wa kwanza ningempendekeza ni yule mzee wa mtaani kwetu anayepita kila Jumatatu na ufunguo wake, anafungua droo ya sarafu, anagawana na mwenye baa, anabadilisha kitambaa kikichanika, na siku ya sikukuu anatoa jogoo mmoja kwa mshindi. Jogoo anatolewa pale pale, yuko hai, analia.

Yule bingwa wangu amenipigia tena juzi. Amelipwa nusu. Na yule mwandaaji ametangaza mashindano mengine, zawadi imeongezwa. Nikamuuliza, vipi, utashiriki? Akacheka sana. "Sasa kaka, nisiposhiriki nitacheza wapi?"