Mswaki Ulipokuwa wa Barazani

Pwani yetu haikungoja tyubu za dukani ili ijue kusafisha meno. Mti wa mswaki, ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, huota kwenye udongo wa chumvichumvi kando ya bahari na katika nyika kavu mpaka huko Ziwa Eyasi. Mzizi wake ndio uliotakiwa zaidi. Ukiutafuna una ukali wa haradali, na nyuzi zake huachana zikawa brashi.

Babu yangu alikuwa fundi cherehani Ngamiani, mjini Tanga. Kipande chake cha mswaki kilikaa katika mfuko wa kanzu pamoja na chaki ya kuchorea nguo. Aliimenya ncha kwa kisu, akaitafuna mpaka ikalainika, kisha akasugua jino mojamoja, nje na ndani, akianzia kwenye ufizi. Nyuzi zikichoka alikata ncha ile na kuanza nyingine. Bibi, ambaye tambuu haikumtoka mdomoni, alikuwa na kazi kubwa zaidi kwa sababu ya wekundu wa popoo na chokaa, basi aliongeza mkaa uliotwangwa na chumvi. Siku hizi madaktari wa meno wanaonya kwamba mkaa hukwangua gamba la jino. Hilo la bibi silitetei.

Ninalolitetea ni ratiba. Mtume alisema kwamba lau si kuchelea kuutia umma wake uzito, angewaamrisha kupiga mswaki katika kila swala. Babu aliuchukulia usemi huo kama amri kamili, kwa hiyo mswaki ulitoka mfukoni mara tano kwa siku. Mwezi wa Ramadhani mambo yalibadilika: katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, ni makuruhu kwa aliyefunga kupiga mswaki baada ya jua kupinduka. Adhuhuri ikiingia aliuweka kando mpaka Magharibi. Siku nyingine alisugua palepale barazani, huku akisikiliza kesi za majirani, wala hakuna aliyeona ni utovu wa adabu.

Siku moja nilijitapa mbele yake na dawa ya meno ya shuleni.

"Povu hilo linafanya nini?" akaniuliza.

"Linasafisha, babu."

"Basi lipakae tu, usisugue, tuone."

Babu hakujua kwamba jaribio la namna hiyo lilishafanyika Delft, Uholanzi, kwa mkono wa muuza vitambaa. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa na kawaida ya kusugua meno kwa chumvi, lakini bado aliona ukoga mweupe umeganda katikati ya meno. Mwaka 1683 aliiandikia Royal Society ya London kwamba ameutazama kwa lenzi zake na kuona vijidudu hai vikiogelea. Alisukutua kwa siki, na vijidudu vya ndani ya ukoga vikabaki hai. Alipoichanganya siki moja kwa moja na vijidudu vyenyewe, vilikufa. Siki haikuwa dhaifu, ila haikupenya. Ukoga ni utando uliojishikiza kwenye jino, na usipobanduliwa kwa kusuguliwa, madini ya mate huugeuza kuwa jiwe ambalo mswaki wowote hauliwezi.

Brashi za Ulaya zilikuwa za manyoya ya nguruwe mpaka zilipotoka za nailoni mwaka 1938, na si ajabu Mwislamu wa pwani akazitazama kwa jicho la shaka. Kizazi changu kilikuta za plastiki, na kikakuta ukaguzi wa asubuhi mstarini: kucha, nywele, meno. Tukajifunza kwamba meno husafishwa mara moja, kabla ya mwalimu wa zamu kupita.

Kisha dawa yenyewe ikaadimika. Mpaka wa Kenya ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983, na katikati yake kulikuwa na Vita vya Kagera. Tyubu iliyopenya mpakani Horohoro kwa magendo tuliipasua kwa mkasi tukakomba kilichobaki. Ilipokwisha tukarudi kwenye mti, na babu akapata wanafunzi wapya barazani.

Sayansi nayo ilikuwa imeshampa babu haki. Mwaka 1965 mtafiti wa fizi Harald Løe na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Denmark. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kupiga mswaki. Kati ya siku 10 na 21, fizi za wote zikavimba. Waliporudia kusafisha, zikapona.

Dawa yenye floridi ina faida yake, nayo ni kulikinga jino lisioze, hasa sasa ambapo chai yetu ni sukari na kitafunwa ni sukari. Mti pia hushindwa kufika vizuri nyuma ya magego. Kwa hiyo simwambii mtu atupe brashi. Lakini tulipouhamisha mswaki kutoka barazani kwenda bafuni, tuliupunguzia muda, tukalipa povu kazi lisiyoiweza. Madaktari wanataka dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, na uzi au kijiti cha kupitisha katikati ya meno. Anayeona dakika mbili ni nyingi akasugulie sebuleni, mbele ya taarifa ya habari ya saa mbili. Atamaliza magego yote kabla ya habari za michezo.